Kurasa Kwenye Kamba ya Nguo

Ua wa kuanikia nguo za hospitali ulikuwa mweupe tangu asubuhi. Mashuka yalijaa kamba kwa kamba. Upepo ukija yalivimba, upepo ukiondoka yalilegea. Mtu akikaa humo kwa muda alianza kusahau yuko wapi. Kelele za barabarani zilimfikia kwa mbali, kama maneno ya watu wa chumba cha pili.

Katikati ya weupe huo mwanamke mmoja alikuwa akianika na kusoma kwa pamoja. Wenzake walimwita Bi Foronya. Alipoanza kazi hapo alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na kazi yake ilikuwa kukunja foronya za mito. Sasa alikuwa na miaka arobaini na minane. Jina lilikuwa limemganda, na wala halikumkera.

Ungetazama vizuri, ungeona kwamba si mashuka tu yaliyoanikwa. Bi Foronya alikuwa amechana kijitabu kizima, ukurasa mmoja mmoja, akavibana vikaratasi hivyo kambani kwa vibanio vya nguo. Akitundika shuka, anasoma mstari. Akitundika taulo, anausoma tena.

"Joto lifike digrii sabini na moja. Likae dakika ishirini na tano. Joto lifike digrii sabini na moja..."

Alikuwa na sababu. Hospitali ilikuwa imenunua mashine tatu kubwa za kufulia. Mwisho wa mwezi mabeseni yote ya kufulia kwa mikono yangeondolewa. Aliyetaka kubaki kazini alipaswa kufaulu mtihani wa kuendesha mashine. Bi Foronya alikuwa ameufanya mara moja na kuanguka. Alibakiwa na nafasi moja tu, baada ya wiki tatu. Akianguka tena, kazi ya miaka ishirini na tisa imekwenda na maji.

Kinachosikitisha ni kwamba moyoni alikwisha kuanguka. Alijiona hana akili ya vitabu, basi, kama vile mwingine anavyojijua kwamba hana sauti ya kuimba.

Nyumbani kila mtu alitaka kumsaidia, na hapo ndipo mambo yalipozidi kuharibika. Mumewe, fundi viatu, alimkorogea chai nzito kama gundi yake ya soli.

"Kunywa, mama watoto. Usilale mchana hata kidogo. Usingizi unakula masomo."

Mama mkwe naye alikuwa na dawa yake. "Mwanangu, usioshe kichwa mpaka mtihani upite. Mimi nilipofanya mtihani wa upishi, siku tisa sikuosha kichwa. Nikafaulu!"

"Ulifaulu, mama," alisema fundi viatu, "kwa sababu walimu walitaka utoke haraka."

Walicheka, lakini Bi Foronya alitii. Mwenye kuzama hushika hata povu. Basi dobi mzima, mtu wa maji na sabuni maisha yake yote, akawa anazunguka na kichwa kilichofungwa kitambaa, kinamwasha kutwa. Binti yao, kitinda mimba, alimtazama mama yake akijikuna juu ya zile kurasa.

Siku ya saba jirani yao alikuja pale uani kuchukua taulo. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini hapo. Aliwafundisha waliopatwa na kiharusi kusimama tena, kutembea tena, hata kushika kijiko. Kutwa alikuwa akisema, "Hatua! Haya, hatua nyingine!" Ndiyo maana wagonjwa walimwita Mama Hatua.

Alipita kati ya mashuka, akakutana uso kwa uso na ukurasa wa nne.

"Haya mapya," alisema. "Siku hizi mnafua na vitabu?"

"Nasoma, mwenzangu. Ukurasa huo nimeusoma mara sitini."

"Mara sitini! Basi umeiva." Mama Hatua aliugeuza ukurasa, maandishi yakatazama upande wa pili. "Niambie. Shuka lenye damu unalianzia wapi?"

Bi Foronya alifungua mdomo. Alijaribu kuchungulia nyuma ya karatasi, Mama Hatua akaifunika kwa kiganja. Kichwani mwake palikuwa peupe kama ule ua. Machozi yakamlenga.

"Umeona sasa? Sina akili. Mungu hakunipa."

"Ngoja kwanza. Sahau kitabu. Leo asubuhi umeletewa shuka lina damu. Umelifanya nini?"

"Nimelilaza kwenye maji baridi. Kila mtu anajua! Ukilitia maji ya moto kwanza damu inapikika. Inaganda humo humo, haitoki tena milele."

Mama Hatua aliugeuza ukurasa. Ulisema: *Madoa ya damu yasuuzwe kwanza kwa maji baridi, kwa kuwa protini huganda kwa joto.*

Bi Foronya aliusoma polepole. Akausoma tena. Aliduwaa. Mara sitini alikuwa ameyapita maneno hayo, asitambue kwamba yalikuwa yakieleza kazi ya mikono yake.

"Keti," alisema Mama Hatua. Wakakaa juu ya makapu mawili yaliyopinduliwa, mashuka yakiwafunika pande zote. Jua lilipenya kwenye pamba likawa laini. Sauti ya Mama Hatua nayo ilishuka, kama mtu anayebembeleza.

"Unamjua yule mlinzi wa geti?"

"Namwona kila siku."

"Ana masharubu?"

Bi Foronya alifikiri. "Sijui."

"Umempita hapo getini miaka mingapi sasa?"

"Kumi. Ee, hata aibu."

"Si aibu. Kuona kitu kila siku si kukikumbuka. Ukiusoma ukurasa mara sitini, macho yanauzoea. Unasema, aa, huyu namjua. Lakini ukiondolewa, huna kitu. Ubongo hushika kile unachojikakamua kukitoa mwenyewe."

"Kukitoa? Mimi nahangaika kukiingiza!"

Mama Hatua alicheka. "Nina mgonjwa, fundi saa. Mkono wake wa kulia umelala. Nikiunyanyua mimi siku nzima, haujifunzi lolote. Lazima ajaribu yeye. Anajaribu, unaanguka. Anajaribu tena. Kila akijaribu, chembe za ubongo wake zinapelekeana habari. Zikizoea kupelekeana, njia inafunguka. Kama majani ya uwanjani, watu wakipita kila siku, pale pale panakuwa njia. Na huyo fundi saa ana miaka sabini na mmoja. Wewe wa arobaini na minane unaniambia umezeeka?"

"Kwa hiyo akili si kitu cha kuzaliwa nacho tu?"

"Tunazaliwa tukiwa tofauti, sikudanganyi. Lakini hakuna kichwa kilichofungwa mlango. Ubongo unabadilika kwa kujifunza mpaka uzeeni."

Akamweleza namna ya kufanya. Asome ukurasa mara moja, taratibu, akijiuliza kwa nini. Kisha afunike. Ajiulize maswali na kujibu kwa sauti, ndipo achungulie alipokosea. Asirudie papo hapo mara hamsini. Arudie kesho, tena baada ya siku tatu, tena baada ya wiki, kila mara akiwa amesahau kidogo.

"Nikisahau si ndiyo hasara?"

"Kukitafuta ulichokaribia kukisahau ndiyo mazoezi yenyewe. Utaona vigumu, utajiona mjinga zaidi ya jana. Usikate tamaa. Na ulale! Usingizini ubongo hauzimiki. Unayapanga ya mchana, unayakunja, unayaweka kabatini. Asiyelala, nguo zake zimerundikana sakafuni."

Hilo dobi alilielewa bila kuelezwa mara ya pili.

"Na kichwa je?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Naweza kukiosha?"

"Kwani kimefanya nini?"

Alipoelezwa habari ya mama mkwe, Mama Hatua alicheka mpaka akashika kamba. "Maji hayapenyi fuvu, dada! Kaoshe kichwa, nakusihi."

Jioni hiyo alipita kwao kuwaeleza wenye nyumba. Mama mkwe alinuna kidogo, kwa heshima. Fundi viatu naye hakukubali kushindwa.

"Lakini jirani, nimesikia binadamu hutumia asilimia kumi tu ya ubongo. Si angetumia ile tisini iliyobaki?"

"Shemeji, huo ni uvumi. Ubongo wote una kazi. Ingekuwa tisini imelala bure, kiharusi kisingemdhuru karibu mtu yeyote, na mimi ningekuwa nimefunga virago. Kisehemu kidogo tu kikiharibika, mtu anapoteza maneno au mguu."

Fundi viatu alijisogezea kikombe. Kisha akasema, "Basi ile chai nitainywa mwenyewe."

Wakaanza. Binti ndiye aliyepewa kijitabu, kurasa zimeshonwa upya na baba yake kwa uzi wa viatu. Mama alikaa mbele yake mikono mitupu.

Siku ya kwanza, maswali kumi, alipata matatu. Siku ya pili manne. Siku ya tatu akarudi kwenye matatu, akasimama kwa hasira.

"Nilipokuwa nasoma kambani nilijiona najua! Sasa sijui kitu!"

"Ulikuwa hujui vilevile, mama," alisema binti. "Ila ulikuwa hujaulizwa."

Fundi viatu alikohoa kuficha kicheko. Bi Foronya alimkazia macho, kisha naye akashindwa kujizuia. Akaketi. "Uliza tena, wewe mtoto usiye na adabu."

Kazini, saa ya mapumziko, alianza kujilaza kwa dakika ishirini nyuma ya mashuka, juu ya kapu la taulo. Wenzake walimtania kuwa anasomea ndotoni. Hawakukosea sana. Siku moja aliota anatembea kati ya mashuka yasiyo na mwisho, na kila shuka alilolifunua lilikuwa na mlango mdogo wa kioo. Ndani yake maji yalizunguka polepole, na sauti ikauliza, unaanza na nini? Akajibu bila haraka. Alipoamka hakukumbuka alijibu nini, lakini moyo wake ulikuwa umetulia.

Wiki ya pili alipata saba. Alipokosea hakulia tena, alisema, "Ngoja, usiniambie," akafumba macho na kutafuta. Mara nyingine alitafuta mpaka chakula kikapoa. Mama mkwe alianza kumuuliza maswali akiwa jikoni, ingawa yeye mwenyewe hakujua majibu, akawa anasema "sahihi" kwa kila kitu.

Siku ya mtihani mwendesha mtihani alikuwa mtu mrefu mwenye kalamu sikioni. Aliuliza moja, akajibiwa. Aliuliza la pili na la tatu. Kisha akaifunga karatasi yake.

"Mashine inafua mashuka ya wodi ya magonjwa ya kuambukiza. Joto limefika. Dakika ya kumi na mbili, umeme unakatika. Unarudi baada ya nusu saa, maji yamepoa. Je, unamalizia dakika kumi na tatu zilizobaki?"

Hilo halikuwamo kitabuni. Bi Foronya alisikia ule weupe ukija tena kichwani, kimya kama shuka linaloshuka. Zamani angesema "sijui" na kuinuka. Safari hii alifumba macho. Alijiuliza swali ambalo alikuwa amejiuliza kwa wiki mbili, kwa nini? Kwa nini ishirini na tano? Kwa sababu vijidudu vinahitaji kukaa kwenye joto muda wote huo. Na kama joto limekatika?

"Simalizii," alisema. "Naanza upya. Joto lipande tena mpaka sabini na moja, nihesabu ishirini na tano nzima."

"Imeandikwa ukurasa wa ngapi?"

"Haijaandikwa. Lakini joto likikatika katikati, vijidudu vimepumzika. Siwezi kuwapelekea wagonjwa shuka la kubahatisha."

Mwendesha mtihani aliichukua kalamu sikioni na kuandika.

Majibu yalibandikwa baada ya siku nne. Bi Foronya hakuwa wa kwanza, wala wa pili. Alikuwa wa tano kati ya kumi na wanane, na waliofaulu walikuwa tisa. Jumatatu yake alisimama mbele ya mashine namba mbili, akafunga mlango wa kioo, maji yakaanza kuzunguka. Wenzake wawili waliokuwa wameanguka kwa mara ya kwanza walipewa nafasi nyingine. Alikwenda kukaa nao mchana, akaanza kuwauliza maswali.

Lakini siku ile ya majibu alifika nyumbani, akakaa kitandani, akalia. Alilia kama mtu aliyefiwa. Binti yake aliingia akaogopa.

"Mama! Si umefaulu?"

"Nimefaulu. Namlilia msichana mmoja." Alijipangusa kwa kiganja. "Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alipewa ukurasa aukariri. Aliusoma usiku na mchana, kitabu kikiwa wazi mbele yake. Hakuna aliyemwambia akifunge. Akasimama mbele ya darasa, neno halikutoka hata moja. Wakasema hana akili, akatolewa shule. Naye akaamini, mwanangu. Miaka thelathini na saba aliamini."

Binti alikaa kando yake. Alimshika mkono, ule mkono ulioparuzwa na sabuni ya miaka yote hiyo.

"Yuko wapi sasa huyo msichana?"

Bi Foronya alivuta pumzi.

"Yupo hapa. Jumatatu anaanza mashine namba mbili."