Chakula cha Majike Wenye Mimba

Kila asubuhi kabla ya shule, Sabohat alikunywa chai ya maziwa na kipande cha mkate, akafunga kitambaa kichwani, akaenda zizini. Tangu baba yake aende kufanya kazi Urusi, kondoo majike tisa wa Babu Kurbonali walikuwa mikononi mwake. Babu alikuwa na goti bovu, na njia ya zizini ilijaa barafu, kwa hiyo msimu wote wa baridi hakufika huko. Alikaa dirishani akamwona mjukuu wake akipita na kapu la majani makavu ya luseni na ndoo ya shayiri, akaridhika.

Jambo ambalo Babu hakuliona ni mahali ambapo kapu liliishia. Sabohat alikuwa na kondoo dume wake wa mwaka mmoja, zawadi ya baba, na alitaka asifiwe kwenye maonyesho ya Navruzi, sikukuu ya mwaka mpya mwezi wa Machi. Katika siku arobaini za baridi kali, luseni na shayiri vyote vilikwenda kwa dume huyo. Majike, ambao wote walikuwa na mimba, aliwatupia mabua ya ngano. Manyoya yao yalikuwa mazito na hayakuonyesha mbavu, naye hakuingiza mkono chini yake kutazama. Mwezi wa mwisho kabla ya kuzaa alianza kuwalisha vizuri, akaona yamekwisha.

Siku ya Navruzi dume wake alishinda. Watu walisema binti huyu ana mkono wa kulisha, naye akatembea kifua mbele.

Mwezi wa Mei alikuja jirani yao, Mzee Niyozmat. Dume wake ndiye aliyewapanda majike wale vuli iliyopita, na kwa desturi, mwenye dume huchagua mwanakondoo mmoja kuwa malipo yake. Alimshika wa kwanza mgongoni, akamminya mapaja, akamwachia. Akamshika wa pili, kisha wa tatu.

"Kurbonali, hawa ni matumbo tu," alisema. "Huku nyuma hamna nyama ya kuujaza mkono."

"Mbegu ni yako, Niyozmat. Mimi nilileta majike tu," alijibu Babu, aliyekuwa mwepesi wa kuudhika.

Niyozmat aliondoka bila kuchagua. Ijumaa iliyofuata Babu alitangaza kwenye nyumba ya chai kwamba mbegu ya dume yule imechoka, na watu wakaanza kutafuta madume wengine. Shuleni, watoto walimwambia mjukuu wa Niyozmat kwamba dume wao anazaa paka. Sabohat alicheka pamoja nao. Kisha alimwona yule kijana akiinamia daftari lake, na uso ukamwaka moto.

Babu alimwita daktari wa mifugo, Bibi Mohira, akidhani labda ni minyoo. Daktari hakuona minyoo. Alieleza kwamba idadi ya nyuzi za misuli ya mwanakondoo hupangwa angali tumboni, hasa mimba ikiwa katikati. Mama akikosa chakula wakati huo, nyuzi huwa chache. Akishazaliwa unaweza kuzinenepesha zilizopo, lakini huwezi kuziongeza.

"Mama zao walikula nini wakati wa baridi?" aliuliza.

"Luseni na shayiri, kila siku," Babu alisema, akaweka mkono begani kwa Sabohat. "Huyu hapa ndiye aliyewalisha."

Mkono ule ulimlemea kama gunia. Sabohat alitazama viatu vyake.

Ijumaa moja asubuhi, wiki chache baadaye, Babu alitaja mezani kwamba Niyozmat ameshamwita mchinjaji. Dume ambaye hatakiwi na mtu ni wa kuchinjwa tu. Sabohat aliweka kijiko chini.

"Babu, usikubali wamchinje. Majike hawakula shayiri. Nilimpa dume wangu. Wao niliwapa mabua."

Babu hakumgombeza. Alisogeza bakuli lake la chai pembeni, akachukua fimbo yake, akamwambia avae viatu.

Kwenye nyumba ya chai, Niyozmat alikuwa amekaa peke yake pembeni. Babu alibaki amesimama mbele ya wote.

"Neno nililosema hapa nalirudisha," alisema. "Dume wa Niyozmat hana kosa. Kosa ni la zizi langu."

Hakulitaja jina la mjukuu wake. Hilo ndilo lililomuumiza Sabohat kuliko kofi. Alisogea mbele.

"Ni mimi, mzee. Niliwanyima majike chakula, halafu nikanyamaza."

"Kumbe yule mshindi wa Navruzi aliwala wanakondoo tisa?" mtu mmoja alitania, na wengine wakacheka. Niyozmat hakucheka. Alimtuma mtu akamwambie mchinjaji asije, akamsogezea Babu bakuli la chai.

"Vuli nitamleta tena dume wangu," alimwambia Sabohat. "Lakini baridi ikianza nitakuja kila wiki, na utaingiza vidole chini ya manyoya mbele yangu, uniambie kama unahisi mifupa."

Walirudi polepole kwa ajili ya goti la Babu. Sabohat aliuliza kama akiwalisha sana wanakondoo wale sasa watapona.

"Watashiba, lakini mapaja hayatajaa," alisema Babu. "Wakati wake umepita. Jike mwenye mimba hali chakula peke yake, mjukuu wangu. Ukimnyima, umemnyima na yule aliye tumboni, ambaye hawezi hata kulia ukamsikia. Na ukishakosa, sema mapema. Leo umemwokoa dume mmoja. Ungesema siku ile Niyozmat alipokuja kuchagua, mimi nisingemvunjia jirani yangu heshima."