Koti la Umeme Halipwayi

Mji ule ulikuwa juu vilimani, na baridi yake haikuwa na adabu. Iliingia nyumbani kwa mtu bila hodi, ikakaa mpaka mchana. Kila asubuhi Tarishi aliwasha pikipiki yake, akaiacha ingurume kidogo, kisha akaenda kupeleka barua na vifurushi ofisi hadi ofisi. Watu walimwita Tarishi kwa sababu ya kazi hiyo. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwa mama yake tu.

Kazi haikumsumbua. Kilichomsumbua kilikuwa chumba chake. Kitanda kilikuwa cha watu wawili, naye alilalia upande wa ukutani tu, kana kwamba mwenzake ametoka kidogo na atarudi sasa hivi. Mke wake alikuwa muuguzi. Alikuwa amehamishiwa zahanati ng'ambo ya mlima, mwendo wa saa tatu kwa pikipiki, akaenda na binti yao mdogo. Walikubaliana kwamba Tarishi atakwenda kila Jumamosi. Na kweli alikwenda, mpaka msimu wa baridi ulipoingia.

Jumamosi moja, kule juu mlimani, vidole vyake vilikufa ganzi. Mbele yake lori lilikuwa limesimama. Alitaka kushika breki, mkono ukakataa. Alilikwepa lori kwa kudra ya Mungu, akaangukia majanini kando ya barabara. Hakuumia. Lakini alipomsimulia mkewe kwa simu, mkewe alimwuliza kwanza kama vidole vinakunjika. Kisha akamwambia asithubutu kupanda mlima ule tena mpaka baridi iishe. Alisema afadhali amkose miezi mitatu kuliko kumkosa moja kwa moja.

Basi Tarishi akawa mume wa kwenye simu. Kila jioni alisikia sauti ya mkewe, na nyuma yake vijineno vya mtoto. Wiki ya tano mkewe alimwambia, huku akicheka, kwamba binti sasa anamwita "baba" kila mwanamume anayeingia zahanati, hata mlinzi wa getini. Tarishi naye alicheka. Alipokata simu, kicheko kiliisha. Aliwatamani sana. Wahenga walisema penye nia pana njia. Nia alikuwa nayo tele. Njia ndiyo ilikuwa na baridi.

Hapo ndipo aliposikia habari za koti la umeme, lenye nyaya nyembamba ndani yake zinazotoa joto. Alikwenda dukani mbio. Muuzaji akamwuliza anavaa saizi gani. Tarishi hakufikiri mara mbili. Kwao nguo zilinunuliwa kubwa. Tangu utotoni alivalishwa mashati ya kumpwaya, ili akue humo ndani. Alichukua koti kubwa kuliko yote, lenye nafasi ya sweta mbili na mgeni mmoja.

Waya wa koti aliuunganisha mwenyewe, moja kwa moja kwenye betri ya pikipiki. Hakuuliza mtu. Jumamosi alivaa sweta, akaongeza sweta, akatia koti juu, akaondoka kimyakimya bila kumwambia mkewe. Baada ya nusu saa alikuwa anatetemeka vilevile. Akasimama kwenye kituo cha mafuta, akazima pikipiki, akakaa hapo juu ya kiti akingoja koti limpashe. Alingoja sana. Alipobonyeza stata, pikipiki ilikaa kimya. Taa nazo haziwaki. Koti lilikuwa limemaliza betri yote, na yeye bado anatetemeka.

Aliisukuma mpaka gereji ya jirani. Fundi umeme wa pale alikuwa mama wa makamo, waendesha pikipiki wakimwita Mama Waya. Tarishi alimwamkia, akamweleza yote, tangu lori mpaka betri. Mama Waya aliuangalia waya, akaliangalia koti, kisha akamwangalia mwenye koti.

"Mwanangu, hili koti ulinunua lako, au la ukoo?"

Tarishi akasema aliacha nafasi ya sweta.

"Wewe umeshamaliza kukua," Mama Waya akamwambia. "Koti la umeme halipwayi. Joto lake ni dogo, haliwezi kusafiri mbali. Sweta mbili zimekaa katikati. Sasa unazipasha sweta, wewe umeachwa nje."

Alimweleza mpango wa kuvaa, taratibu, kwa kumwonyesha kifuani kwake. Ndani kabisa ni fulana nyembamba ya mikono mirefu. Nyaya hazikai juu ya ngozi tupu, kwa sababu ngozi yenye ganzi huweza kuungua na mwenyewe asijue. Juu ya fulana ni kizibao cha umeme, kisicho na mikono, kinachoshika mwili vizuri. Sweta, kama anaipenda sana, ikae juu ya kizibao. Mwisho ni jaketi lisilopitisha upepo, maana upepo ndio mwizi wa joto.

Kisha akaja kwenye umeme. Pikipiki ndogo, alisema, umeme wake unatosha taa na honi. Ukiibebesha na koti, betri inakufa. Mwenye pikipiki kubwa anaweza kuunganisha, lakini apitishie kwenye fyuzi na swichi, ili injini ikizimwa na nguo izimike. Mwenye ndogo achague nguo zenye betri zake, za kuchajiwa nyumbani. Na kabla ya kununua aulize betri inakaa saa ngapi. Joto la juu huimaliza haraka. Joto la kati hufika mbali.

"Nianze na kipi, Mama?" Tarishi akauliza.

"Kilichokutupa majanini ni nini?"

"Vidole."

"Basi glovu za umeme. Uzijaribu hapo hapo dukani, ushike breki nazo. Kama huisikii breki, ziache. Lakini na kizibao usikisahau. Kifua kikipoa, mwili unaficha damu ndani, vidole vinanyimwa. Na ukitetemeka hata na hayo yote, simama. Hakuna nguo ya kubishana na mlima."

Alipomaliza kuchaji betri alimwuliza huko ng'ambo kuna nani. Tarishi alisema yuko mke na yuko mtoto, na kwamba amechoka kuwasikia bila kuwaona. Mama Waya aliendelea kukunja waya. Akasema yeye aliwahi kumngoja mtu miaka minne. Umeme una fundi, alisema, lakini kungoja hakuna fundi wake.

Alirudi mjini, na dukani walikubali kumbadilishia koti. Alichukua kizibao cha saizi yake na glovu. Wiki nzima alivivaa kazini akipima saa kwa saa. Kwenye joto la kati, betri zilikaa saa mbili na nusu. Kwa hiyo alitafuta betri za akiba, abadilishe katikati ya safari. Safari hii hakuondoka kwa kujificha. Alimwambia mkewe kila kitu, na mkewe akamhoji kama mgonjwa. Mwisho akakubali kwa shingo upande, mara moja tu, kwa sharti kwamba apige simu kila kituo.

Alifika saa sita mchana. Mkewe alikuwa mlangoni pa zahanati na mtoto amejificha nyuma yake, akilia kwa kuiogopa helmeti. Tarishi alitaka kuwakumbatia wote wawili kwa pamoja. Mkewe hakumpa nafasi hiyo, wala hakumsalimu. Alimvua glovu, akaanza kubonyeza vidole vyake, kimoja kimoja, akitazama damu inavyorudi. Alivimaliza vyote kumi.

"Ni vya moto," alisema.

Uchunguzi ulikuwa umekwisha, lakini mikono hakuiachia. Aliishika tu, akiangalia chini.

"Uje na Jumamosi ijayo."