Redio ya Msikitini Haikusikia

Anayesema wafu hawasemi, aje huku kwetu mlimani amuulize dada yangu Sukesi.

Siku hiyo ilianza vizuri tu. Mumewe, Paryono, alikuwa amepanda juu tangu usiku na redio ya mkononi kulinda mto, maana mvua ikinyesha kileleni, tope la volkano hushuka bila hodi. Mwanawe, Wiyono, alikuwa bondeni na wenzake wakichimba mchanga. Sisi nyumbani tulikuwa tunakaanga tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa.

Kijijini tuna sheria. Ukungu na makorongo humeza sauti ya redio. Inakuja, inapotea, na mvumo mtupu unaweza kukudanganya ukadhani ni maneno. Kwa hiyo mwenyekiti wetu, Tukijan, hagongi gogo la hatari mpaka redio mbili zisikie: ya dada, na ya msikitini ng'ambo ya korongo. Tuliwahi kukimbia bure, majirani wakatucheka mpaka basi.

Alasiri redio ya dada ikakoroma.

"Sukesi... mtoe mtoto... tope..."

Ikapotea.

Dada akamkimbilia Tukijan. "Mzee, gonga gogo. Mume wangu kaita."

Tukijan akapiga simu msikitini. "Huko hawajasikia kitu, mama. Unataka tuchekwe tena?"

"Sauti ya mume wangu naijua."

"Sheria ni sheria."

Namchukia mpaka leo, na asikie anayetaka kusikia.

Dada alitoka mbio, peku. Alipofika ukingoni, tope lilikuwa linapita. Jeusi. Zito. Linafuka moshi. Bondeni hapakuwa na mtu.

Jioni wakata majani walishuka na mwili wa Paryono kwenye machela. Ukingo wa mwamba ulikuwa umekatika naye. Walimkuta chini, kashapoa, na redio yake vipande vipande.

"Mlimkuta lini?" dada akanong'ona.

"Asubuhi, shemeji. Kutwa nzima tumembeba."

Dada hakulia. Tukijan, kujitetea, akaleta ile redio ya msikitini aifungue mbele za watu, tuone kuwa ni nzima. Skrubu zilikuwa na kutu, hazijaguswa miaka. Kifuniko kilipotoka, ukamwagika mchanga wa mto. Ulikuwa umelowa, na bado wa moto.

Tukijan akaangusha bisibisi, akarudi nyuma.

Wiyono hakupatikana, si mwili si nguo. Dada aliukusanya ule mchanga wote kwenye kitambaa chake, akauzika kando ya mumewe.