Mashine Zimeisha

ALHAMISI, MCHANA

Bundi hakuwa mtu wa karatasi. Alichovya kidole kwenye soda akachora ramani juu ya meza, na kila ilipokauka aliichora upya bila kuacha kuongea. Chumba kilikuwa nyuma ya bucha moja ya Nkubu. Hakikuwa na dirisha. Mlango ulikuwa mmoja tu, na Bundi alikuwa ameuziba kwa kiti chake.

"Kanja. Hapa kanisa. Hapa boma la Antony. Hapa stoo, zamani ilikuwa ya kahawa. Jumapili boma lote linaenda ibada, mpaka mlinzi. Mlinzi anaimba besi kwa kwaya."

"Na mbwa?" Mwenda aliuliza.

"Mbwa atakula nyama. Si tuko bucha?"

Walicheka wote isipokuwa Kivuti. Kivuti alikuwa dereva. Alikuwa ametoka jela mwezi wa nne, baada ya miaka mitatu, na hakimu alikuwa amemwambia waziwazi kwamba akiletwa mbele yake tena atazeekea ndani. Hakuwa na hamu ya kuzeekea huko. Alikuwa na binti aliyezaliwa yeye akiwa ndani, anaitwa Kiende, na mtoto huyo alimwita "huyo mtu" kwa miezi miwili mizima kabla ya kukubali kumwita baba.

"Lakini ziko kweli?" Kivuti aliuliza. "Kuanzia Embu mpaka Maua kila duka linasema mashine za gemu hakuna. Redio inasema viwanda vya ng'ambo vimelemewa, wanaozitaka ni wengi. Tutavunja stoo tupate panya."

Bundi alimgeukia Lorna. Lorna aliuza katika duka la Antony mjini Embu, na ndiye aliyeleta habari ya stoo. Alikuwa msichana mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Ziko," alisema. "Mimi ndiye huambia watu zimeisha. Asubuhi mpaka jioni ni hiyo tu: zimeisha, rudi Ijumaa. Ijumaa bosi anatoa mbili. Anapiga laini ya wateja picha, anatuma kwa magrupu. Wiki inayofuata laini inafika steji ya matatu."

"Na hizo mbili anazitoa wapi?"

"Kwa buti ya gari yake. Lakini ziko na maganda ya kahawa. Mashine imetoka ng'ambo juzi, maganda ya kahawa imeyatoa wapi?"

Mwenda alipiga meza. "Kwa hivyo watu hata hawazitaki. Ni yeye anawachezea."

"Wanazitaka," Lorna alisema. "Kuna mama alinililia kaunta. Wanazitaka sana. Yeye anafunga mfereji tu, halafu anaangalia kiu ikipanda."

Ilionekana wazi alikuwa anamchukia mwajiri wake kwa moyo wote, na ndiyo sababu hakuna aliyemshuku.

Bundi alieleza sehemu ya gari. Maboksi yangeenda Maua, kwa msafirishaji anayeitwa Sakariye, ayapeleke kaskazini. Yangepakiwa kwenye pikapu ya Kivuti na kufunikwa kwa mabunda ya miraa ya kutafuna na majani ya migomba, kisha kufungwa kwa kamba.

"Karao gani husimamisha miraa?" Bundi aliuliza.

Hilo Kivuti hakulibishia. Aliendesha miraa miaka sita kutoka Maua kwenda Nairobi, taa zikiwaka mchana, na polisi walikuwa wakimpungia mkono apite. Miraa ikichelewa inanyauka, na kila mtu barabarani analijua hilo. Mwenda, aliyezaliwa Muthara na kukua chini ya mimiraa ya baba yake, alitikisa kichwa kukubali.

"Nitaifunga mwenyewe," alisema. "Mzigo safi."

"Mimi siko," Kivuti alisema.

Bundi alivuta soda yake, akanywa ile ramani iliyobaki kwenye chupa.

"Miaka mitatu mkeo Lydiah alikuwa anapika nini?"

Kivuti alifuta soda mezani kwa kiganja.

"Nauliza tu, ndugu yangu. Unga ulikuwa unatoka wapi? Maziwa ya mtoto? Mimi sikukosa hata wiki moja. Na sijawahi kukuuliza kitu mpaka leo."

Huo ndio ubaya wa wema wa watu kama Bundi. Haumaliziki. Kivuti aliutazama mlango, akamtazama aliyeuziba, akakubali.

JUMAMOSI, JIONI

Kiende alikuwa ameketi kizingitini na njugu mkononi.

"Nipe moja," Kivuti alimwambia.

Mtoto alificha mkono nyuma ya mgongo. Aliuangalia uso wa baba yake bila kupepesa.

"Zimeisha."

"Zimeisha? Na hizo za nyuma?"

"Hakuna nyuma."

Kivuti alicheka mpaka Lydiah akatoka jikoni kuona kuna nini. Halafu ghafla akaacha kucheka, kwa sababu alijua kesho anakwenda wapi na mkewe hajui.

"Baba Kiende, uko sawa?"

"Niko sawa. Kesho nina mzigo kidogo."

JUMAPILI, KENGELE YA KWANZA

Spika ya kanisa la Kanja ilikuwa kubwa kuliko kanisa lenyewe. Bundi alikuwa ameipangia kazi. Mtu akisikiliza ibada anajua dakika zilizobaki.

Kivuti alirudisha pikapu kinyumenyume mpaka mlango wa stoo. Mwenda na Bundi walikuwa wamekuja kwa pikipiki. Mabunda ya miraa yalikuwa yamelala tayari kando ya ukuta, yamefungwa toka alfajiri.

"Dereva hashuki," Bundi alisema. "Mikono kwa usukani. Kitu kikitokea, unatoka."

"Naweza kusaidia kubeba."

"Nimesema hushuki."

Mbwa alitokea nyuma ya nyumba. Lorna alikuwa amesema ni mkali, kwamba aliwahi kumrarua kijana wa maziwa. Kivuti alipandisha kioo. Mbwa alimkimbilia Mwenda moja kwa moja, akasimama, akatikisa mkia, akamlamba kiganja. Nyama ilikuwa bado ndani ya mfuko.

"Wanyama wananipenda," Mwenda alisema, akamsukuma kando kwa goti.

Kivuti aliona. Aliona vizuri kabisa, na akajiambia ni bahati. Mtu anayeogopa hukubali bahati yoyote.

NYIMBO ZA SIFA

Mlango ulifunguka haraka mno. Kwenye kioo cha kando Kivuti aliona maboksi yamepangwa mpaka darini, yenye zile picha ambazo vijana wa Meru yote walikuwa wakiziota. Kumbe Lorna alisema kweli. Wakati nchi inaambiwa hakuna, hapa kulikuwa na ukuta mzima.

Hasira ilimpanda. Alifikiria yule mama aliyelia kaunta. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alihisi afadhali kidogo, kama kwamba wizi huu ulikuwa na haki ndani yake.

Mwenda alikuwa akibeba maboksi mawili mawili huku akipiga mluzi. Pikapu ilikuwa ikididimia kidogo kidogo kwa uzito.

SADAKA

Kamba zilivutwa, na harufu mbichi ya majani ya migomba ikajaa gari.

"Nenda," Bundi alisema dirishani. "Tuko nyuma yako na pikipiki. Usiharakishe, usichelewe."

"Bundi, baada ya hii tumemalizana."

"Tumemalizana," Bundi alisema, akampiga bega kwa upole. Upole huo Kivuti angeukumbuka baadaye.

MATANGAZO

Alipoingia barabarani, spika ilimfuata. Mzee wa kanisa alikuwa anasoma matangazo kwa sauti nzito ya kujiamini.

"...na mimi mwenyewe, Mzee Antony, naomba mnikumbuke katika maombi. Biashara imekuwa ngumu. Bidhaa zimekuwa adimu. Tumwombe Mungu azilinde hizo chache."

Amina ililia mpaka kwenye mashamba ya kahawa. Kivuti alitema mate nje ya dirisha.

BAADA YA IBADA

Alipita Runyenjes bila tatizo. Alivuka mto, akashika kona za mlima, taa zikiwaka kama zamani. Alijaribu kuiona pikipiki kwenye kioo. Hakuiona.

Mbele ya Chuka gari la kwanza la miraa lilikuja likishuka kutoka Maua, mbio. Dereva wake alimwashia taa. Kivuti naye akaziwasha, salamu ya kazi. Lakini yule dereva hakuwa akisalimia. Alitoa mkono dirishani, akaonyesha alikotoka, akaonyesha mzigo wa Kivuti, akacheka kwa mdomo wazi.

La pili likaja likipiga honi. Aliyeketi kando ya dereva alijishika kichwa.

Kivuti aliyaangalia majani ya migomba kwenye kioo, akaelewa walichokuwa wakikicheka.

Miraa inashuka. Inatoka Maua, inatoka Muthara, inashuka Meru, Nkubu, Chuka, Embu, mpaka Nairobi. Miaka sita alishuka na mzigo akapanda mtupu. Kule Embu watu wana muguka wao, jamii nyingine ya miraa, tena husafirishwa kwa magunia, si mabunda. Hakuna mtu aliyewahi kuzaliwa katika mlima huu akaona gari la miraa limejaa likirudi Maua. Yeye alizoea kupungiwa mkono mpaka akasahau kwamba alikuwa akipungiwa upande mmoja tu wa barabara.

Yeye aliponzwa na mazoea. Lakini Mwenda? Mwenda aliyezaliwa chini ya mimiraa? Mwenda alifunga mzigo huu kwa mikono yake na hakusema neno.

Na yule mbwa. Na ile miraa iliyolala kando ya ukuta wa stoo toka alfajiri, boma likiwa bado nyumbani.

Alipiga simu ya Bundi. Imezimwa. Alipiga ya Mwenda, nayo vilevile. Upande wa kushoto ulikuwa ukingo wa mlima, kulia bonde, nyuma lori la mawe lililokuwa likimpumulia mgongoni. Kando ya barabara watu waliotoka kanisani walitembea wakiwa wamevalia vizuri, na watoto walilinyooshea gari lake kidole. Alitafuta mahali pa kugeuza. Alipata kona, na baada ya kona alipata misumari ya polisi imetandazwa barabarani.

Sajini alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole. Alilizunguka gari mara moja, taratibu.

"Dereva, miraa inarudi kwa mama yake?"

"Afande, imekataliwa na mteja."

"Imekataliwa. Na bado ni mbichi hivi."

Kamba zilikatwa. Mabunda yaliangukia lami, maboksi yakatokea, na umati wa waliotoka kanisani ukapiga yowe, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameona mashine nyingi namna hiyo mwaka huo. Sajini alipasua boksi la kwanza kwa kisu. Alitoa karatasi za gazeti. Kisha akatoa tofali.

Alipasua la pili, la kumi, la mwisho. Yote yalikuwa na matofali.

Kivuti alikaa chini barabarani. Alielewa kila kitu kwa pamoja, kwa nini hakuruhusiwa kushuka, kwa nini hakuruhusiwa kubeba.

"Mashine ziko wapi?" sajini aliuliza.

KITUONI

Waliliuliza swali hilo mpaka likapoteza maana.

"Ziko na Antony," Kivuti alisema. "Hazijawahi kutoka kwake. Alitaka ionekane zimeibwa, asiulizwe alipozificha, na bei ipande."

"Mzee wa kanisa ajiibie?"

"Bundi na Mwenda wanajua. Mbwa anawajua."

"Nimwite mbwa aandikishe ushahidi?"

Askari walikuwa wameenda kwa Antony. Walikunywa chai, wakaona stoo tupu na mlango uliovunjwa, wakamwona mzee wa watu akifuta macho kwa leso. Bundi na Mwenda hawakuonekana popote. Lorna alihojiwa akalia, na alipomaliza kulia alirudi kaunta, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Jumatatu usiku sajini alileta chai selini. Aliketi upande wa pili wa nondo, akashusha sauti.

"Kijana wangu amepita mtihani. Nilimwahidi mashine moja. Dukani naambiwa zimeisha, ziliibwa. Niambie tu ulizificha wapi."

"Afande, sina."

"Moja tu."

Kivuti aliufunika uso kwa mikono. Angekuwa nayo angempa. Angewapa wote.

Jumanne asubuhi, kabla ya kupelekwa kortini, Lydiah alikuja na Kiende. Alikuwa amepitia duka la Antony mjini Embu, akaongea na Lorna kaunta. Alisema bei imepanda maradufu, laini imepita steji, na Ijumaa bosi ameahidi mbili zitapatikana, kwa neema ya Mungu.

Halafu alisogea karibu na nondo. Aliangalia kushoto na kulia.

"Baba Kiende," alinong'ona. "Mimi ni mke wako. Niambie mimi. Ziko wapi?"

Kivuti alimtazama. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa matusi, kwa kila kitu isipokuwa hilo. Hapo ndipo alipohisi mlango umefungwa kweli, kuliko ulivyofungwa na polisi.

"Hakuna, Lydiah."

"Kila mtu anasema ziko."

"Najua."

Lydiah aligeuza uso, machozi yakimshuka. Hakumwamini. Kiende alikuwa amesimama kando, mkono mmoja nyuma ya mgongo. Alisogea mpaka kwenye nondo, akamkagua baba yake kama mtu anayefanya uamuzi mzito. Kisha alitoa mkono, akaupitisha kati ya chuma na chuma, akaufungua. Njugu tatu zilikuwa zimelowa jasho.

"Baba, nilikudanganya," alisema. "Hazikuwa zimeisha."

Kivuti alizipokea. Alizifumba kiganjani. Askari akaja na pingu akamwambia Lydiah amwondoe mtoto, muda umeisha.