Vidonge Vilivyofungiwa Kabatini

Asubuhi hiyo, wasomaji wangu, cherehani mbili zilikuwa zikinguruma katika chumba cha mbele: ya mume na ya mke. Mke alikuwa na wiki tatu tangu atolewe tezi ya shingo. Kovu lilikuwa jembamba, limenyooka, na mumewe alimsifu daktari kwamba anajua kushona.

Kwa sababu hiyohiyo mume aliamua dawa za mkewe zimemaliza kazi. Daktari alikuwa amewaeleza kwamba vitezi vidogo vinavyolinda kalsiamu ya damu vimejeruhiwa, kwa hiyo vidonge vya kalsiamu vimezwe kila siku, wala visiachwe bila idhini yake. Fundi akasema nguo ikishashonwa, uzi wa bandi, ule wa kushikiza kwa muda, hufumuliwa. Akavifungia kabatini.

Siku ya pili midomo ya mke ilianza kumchonyota na ncha za vidole zikafa ganzi. Mume akamwambia ganzi ni ugonjwa wa mafundi wote, akamkanda kwa kitambaa alichokipasha kwa pasi. Kwa mafundi wengine ingefaa. Siku ya tatu vidole vya mke vilijikunja vyenyewe, akaharibu pindo la sare ya shule mbele ya wateja.

“Mume wangu, mkono haunitii,” alisema. “Nipe vidonge vyangu.”

“Haukutii au umechoka kazi? Zimebaki sare arobaini, na wateja hawavai tezi.”

Wateja wakacheka. Mke naye akacheka kidogo, kwa adabu.

Mchana koo lilimbana. Pumzi ikawa inatoka na mluzi, kisha akaanguka, mwili mzima ukitikisika. Mume, kwa kiwewe asiuone ufunguo, akavunja kabati kwa mkasi, akahangaika kupenyeza kidonge kwenye meno yaliyofungana. Majirani ndio waliombeba.

Hospitalini daktari aliuliza dawa ziliachwa lini.

“Siku tatu tu,” alijibu fundi. “Kidonda kilishapona.”

Daktari akaandika saa ya kifo.

Matanga hayajaanuliwa, wateja walibisha hodi kuulizia sare zao.

FUNZO

Ngozi kupona si damu kupona. Aliyetolewa tezi akihisi ganzi midomoni au vidoleni, au misuli ikimkaza, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, akapimwe. Dawa zake asipunguziwe na mume, mama mkwe wala jirani. Mwanamke huyu aliomba dawa yake kwa sauti, mbele ya watu, na watu hao wangali hai. Baadhi yao wanasoma hapa.