Kibonge Kaoshwa Uso

Ukumbi wa wagonjwa wa nje ulikuwa umefurika, watu wamebanana kwenye mabenchi, watoto wanalia, nesi anaita majina kwa sauti iliyokwisha kukauka. Udongo alisimama karibu na mlango, amekumbatia boksi kifuani. Jina hilo la Udongo hakupewa na wazazi. Walimbandika wenzake wa kazi, kwa sababu kucha zake hazikukosa udongo hata siku ya harusi ya mtu. Siku hiyo alijitahidi. Alivaa gauni la kijani lililomshika kiuno, kilemba cha rangi hiyo hiyo, na viatu alivyoazima kwa shangazi yake, ambavyo vilikuwa vinamtesa.

Akaja kijana mmoja, shati jeupe la pasi kali, kompyuta kwapani, simu sikioni, akili haipo. Akamkumba. Boksi likaanguka, kikaragosi wa udongo akachomoka, na kiatu cha yule bwana kikatua sawasawa juu ya mkono wake.

"Samahani, dada," alisema, simu bado iko sikioni.

"Toa mguu."

"Nimesema samahani."

"Na mimi nimesema toa mguu. Umesimama juu ya mkono wa mtu."

Akatazama chini. "Mtu gani? Huyu mdoli?"

Udongo alipiga goti, gauni na vyote, akamwokota Kibonge, kikaragosi wake. Mkono ulikuwa umepasuka, waya wa ndani umetokeza. Angemtukana yule kijana akatosheka, lakini nesi aliwaita wote wawili, mlango mmoja.

Humo ndani alikaa daktari wa upasuaji wa watoto, mama wa makamo asiyechekacheka ovyo. Alitaka filamu fupi ya kuwaonyesha watoto kabla ya operesheni, wajue watafanywa nini, maana walikuwa wanaogopa mpaka wanawang'ata manesi. Kijana akafungua kompyuta yake: mtoto wa katuni anayeng'aa, nywele zinapepea, meno yote mahali pake. Udongo akamweka Kibonge mezani na mkono wake uliovunjika, akaeleza kazi yake. Unamsogeza kidogo, unapiga picha. Unamsogeza tena, unapiga picha. Ukiziunganisha picha, Kibonge anatembea. Kazi ya kutwa inatoka mwendo wa kufumba na kufumbua.

"Kwa heshima zote, daktari, huo ni ushamba," kijana alisema. "Siku hizi wanaotazama vitu hivyo ni wazee wanaokumbuka utoto wao, na watu wa matangazo ya sabuni. Mwaka ujao hatakuwepo hata wa kuvitengeneza."

"Na mtoto akitaka kumshika huyo wako, atashika nini? Kioo?"

"Wangu havunjiki mkono."

"Wangu hakuvunjika. Alikanyagwa na ng'ombe."

Walipokuwa wanarushiana maneno, msichana mdogo aliyeletwa kwenye kiti cha magurudumu alimnyakua Kibonge mezani, akakataa katakata kumrudisha. Daktari akatazama, akaamua. Vikaragosi vya Udongo. Kijana ataunganisha picha na kuweka sauti. "Mkitaka kugombana," alisema, "gombaneni nje ya hospitali yangu."

Wakatoka, wakagombana nje ya hospitali yake.

Kibonge alirudishwa, akatengenezwa mkono, na kazi ikafanyika chumba cha nyuma, nyumbani kwa mama yake Udongo. Madirisha yalizibwa kwa mapazia mazito ili jua lisiingilie taa, na meza ilipigiliwa misumari isitikisike. Ukishaanza kupiga picha, hapiti mtu, hachezi mtu. Udongo alimpa kijana jina la Kompyuta na stuli ya pembeni.

"Mpenzi," alimwambia kwa sauti ya sumu, "pumulia upande ule. Unamyumbisha mgonjwa."

"Ndiyo, mpenzi. Na wewe ukipata nafasi, nawa mikono."

Akirudi kwake, Kompyuta hakosi kupiga simu kulalamika.

"Taa ya leo imecheza."

"Macho yako ndiyo yamecheza."

"Umekula?"

"Inakuhusu nini?"

"Inanihusu. Ukiwa na njaa unamsogeza Kibonge kama unamkung'uta vumbi."

Udongo aliziba simu kwa kiganja asisikike anacheka. Alikuwa ameshampenda, na jambo hilo lilimkasirisha kuliko ule mguu.

Kitu kimoja hakumwambia, kwa kuwa aliona hakihitaji kusemwa. Uso wa Kibonge ulifinyangwa na mama yake, siku chache kabla ya kupooza upande wa kulia. Mashavu yale yalijaa alama za dole gumba lake, mistari inaonekana kabisa. Picha zikiunganishwa, alama zile zilicheza kidogo, na uso ukawa na uhai. Sasa mkono ule ulikaa tu juu ya paja la mama, kimya.

Siku hiyo walikuwa katikati ya tukio zito: Kibonge yuko kitandani, anampungia mama yake kabla ya kusukumwa kwenda kupasuliwa. Udongo akalazimika kumpeleka mama yake kwenye mazoezi ya viungo. Akamwachia Kompyuta ufunguo.

Kompyuta alitaka kumfurahisha. Miaka yote kazi yake ilikuwa kufuta chunusi na mikwaruzo kwenye nyuso za watu pichani, na uso ule wa Kibonge ulikuwa unamwasha vidole. Akachovya pamba kwenye mafuta, akapangusa taratibu, shavu moja, shavu la pili, mpaka uso ukawa laini kama yai.

"Sijamsogeza hata unywele," alimwambia Udongo aliporudi, anatabasamu. "Tazama. Alikuwa na alama za vidole uso mzima."

"Za nani?"

"Zako, si ndiyo?"

"Za mama yangu."

Tabasamu likamfia mdomoni. "Ungeniambia."

"Ungeuliza."

"Mpenzi, sikujua..."

"Usiniite hivyo. Kila kitu kwako ni uchafu, mpaka mtu. Toka kabla sijakupiga na hiyo stuli."

Akatoka. Udongo alikaa sakafuni, akalia kwa hasira na kwa uchungu. Kuanza upya haikuwezekana. Watoto walikuwa wanasubiri, na uso wenyewe haukuwepo tena. Ilibidi aendelee na huo huo, akijua kwamba katikati ya filamu Kibonge atabadilika uso ghafla na kila mtu ataona.

Kompyuta alipiga simu mpaka ikapokelewa.

"Nakusikiliza kwa sababu ya daktari tu."

"Ninazo picha za mwanzo. Naweza kuchukua zile alama, nikazibandika upya kwa kompyuta. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua. Unganisha picha kama zilivyo, na mdomo wako ukae mbali na kazi yangu."

Likabaki tukio la mwisho, Kibonge anazinduka. Mama akajikongoja na fimbo mpaka mezani.

"Nipe huyo."

"Mama, uso umeharibika."

"Nimekwambia nipe. Nimeufinyanga mimi, si wewe."

Alikaa, akaukamata mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauinua, akaliegemeza dole gumba lililokufa ganzi kwenye shavu la Kibonge, akalisukuma kwa uzito wa mwili wote. Shavu likabonyea upande.

"Amevimba upande mmoja," Udongo alisema, machozi yanamtoka.

"Katoka operesheni, ulitaka awe mrembo? Piga picha. Halafu umwite yule mpumbavu wako."

"Si wangu."

"Haya. Mpumbavu wa watu."

Filamu ilionyeshwa wodini, kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Udongo alikaa kona hii, Kompyuta kona ile, kila mmoja amemnunia mwenzake. Kibonge alipoanza kupunga mkono, Udongo akafumba macho. Alijua ni hapo.

"Wamemuosha uso," ilisema sauti ya yule msichana wa kiti cha magurudumu.

"Hata kaka yangu walimuosha," mwingine akajibu. "Ukishaoshwa ndiyo unaingia."

Udongo akafumbua macho. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeshtuka. Watoto walitazama mpaka Kibonge akazinduka na shavu lake lililobonyea.

"Hapo mama yake amemshika," msichana alisema. Akamdai Kibonge, akapewa. Akatumbukiza kidole chake kidogo kwenye lile shimo la shavu, kikaenea. "Kesho naingia naye."

"Mpaka mlangoni," daktari alisema. Ndiye wa kwanza aliyetoa leso.

Kompyuta alimkuta Udongo kwenye korido, na boksi tupu.

"Usidhani nimekusamehe," Udongo alimwahi.

"Sijaomba. Nataka kukuoa."

"Kwa kosa gani nililokufanyia?"

"Yote. Nimeshaongea na mama yako."

"Akasemaje?"

"Kasema mimi ni mpumbavu, nije asubuhi nijifunze kukanda udongo."

Udongo alimtazama, shati limekunjamana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akamtupia boksi kifuani, naye Kompyuta akalidaka.

"Kikaragosi anayefuata, uso utaufinyanga wewe."

"Mimi sijui kufinyanga."

"Ndiyo maana. Na ole wako ulainishe. Nataka alama zako zionekane, nijue wa kumlaumu."