Barua ya Fundi wa Kinu

Siku hizo, mwaka wa 1968, barua za watu wa kwetu Othaya zilipitia shuleni. Baada ya ukaguzi wa kucha, mwalimu mkuu alisoma majina kwenye bahasha, na mtoto aliyeishi karibu na mwenye barua akapewa aipeleke. Tulizigombania barua hizo! Aliyebeba moja alijiona mtu mzima.

Jumatano moja nilipewa bahasha ya serikali. Ilikuwa ya Kartar Singh, fundi wa kinu cha kusaga unga, ambako baba yangu, Ngatia, alifanya kazi ya kumwaga mahindi na kufunga magunia. Mlio wa kinu kile ulivuka bonde hadi darasani kwetu, na hata leo ninautamani. Kartar alikuja nchini akiwa kijana kutoka Bara Hindi. Sasa wasio raia walitakiwa kuwa na vibali vya kazi, naye alikuwa akisubiri barua ya kuitwa ofisini Nyeri kuhusu kibali chake.

Nilikumbuka maneno ya baba mdogo Gatimu: "Ati hawa watu watakalia kazi zetu mpaka lini? Huyo Kalasinga akinyimwa kibali, mashine iko yako, Ngatia." Baba alitabasamu. Basi nikaificha barua ndani ya kitabu cha jiografia. Baba angekuwa fundi, nami ningevaa viatu.

Jumamosi nilipeleka mahindi kusagwa. Kinu kilikuwa kimya, na akina mama walinung'unika nje, "Huyu fundi mvivu amesimamisha mashine tena!" Nilichungulia ndani. Jiwe la kusagia lilikuwa limelazwa chini, na baba amepiga magoti, akichonga mistari yake upya kwa nyundo na tindo. Kartar alichuchumaa kando yake.

"Hapana piga nguvu, Ngatia. Mstari ikiisha, unga naungua. Mstari ikiwa mbaya, watu nakula mawe. Chonga tena."

"Nitajua lini, Fundi?"

"Mwaka moja. Mimi napata kibali, nafundisha wewe yote. Hapana pata, tajiri mwenye kinu nafunga. Nani tachonga mawe?"

Nilikimbia nyumbani, nikarudi na kitabu, nikamkabidhi fundi bahasha huku nikilia.

"Nisameheni. Niliificha ili kazi iwe ya baba."

Kartar alisoma polepole. Aliitwa Nyeri Jumatatu, saa tatu asubuhi. "Bado siku mbili," alisema, akavuta pumzi ndefu. Hakunikemea, na hilo liliniuma kuliko kiboko.

Njiani baba alisema, "Murugi, barua ya mtu ni ya mtu. Usirudie tena. Lakini hata mimi niko na makosa, kwa sababu nilitabasamu. Nilifikiri kazi iko pale pale kinuni, akiondoka naichukua. Kumbe iko mikononi mwake."

Kartar alipewa kibali cha mwaka mmoja tu, akautumia kumfundisha baba. Siku alipopanda basi na sanduku lake la vyuma vya kazi, baba alilia mbele ya watu. Kartar alimwachia tindo. Kinu hakikufungwa, na baba alichonga mawe yale miaka kumi na saba. Vijana waliokuja kujifunza kwake walipomsifu, aliwajibu hivi:

"Msinisifu mimi. Nilifundishwa na mtu ambaye tulitaka aende zake."